Pindo la Nguo ya Katani

Mjini Shuoping
Mwezi wa tisa, siku ya nne

Kwa Heng Qiu, Mnara wa Kumi na Tisa

Mdogo wangu,

Habari imefika asubuhi hii: Bwana Mkubwa Zhao, mkuu wa ukoo wetu, amekufa huko ngomeni. Alianguka akila, mfupa wa kondoo ungali mkononi. Maduka yamefungwa na watu wanalia kwa zamu. Mimi nimelia zamu yangu, nikamaliza, nikaanza kushona.

Sasa nisikilize, maana kichwa chako nakijua. Sisi watu mia nane tunaitwa Heng, na huku mpakani jina hilo linatisha kuliko jina la mfalme. Lakini ukihesabu vizazi, mimi na wewe tuko nje ya madaraja yote matano ya nguo za matanga, yale yanayofuata ukaribu wa damu. Bwana Mkubwa akifa, hatumvalii hata uzi. Kwenye tambiko la mwaka mpya tunakaa mlangoni, upepo wote wetu, na nyama ikigawanywa tunapewa shingo. Baba alikuwa Heng wa shingo maisha yake yote. Walimpeleka Mnara wa Kumi na Tisa kwa sababu hakuwa na wa kumsemea. Akauawa huko huko, na hakuna aliyetuma hata mkokoteni kumchukua. Mpaka leo sijui mifupa yake iko wapi. Na sasa wewe uko mnara ule ule, unasawazisha mchanga ule ule. Sitaki, Qiu. Sikukutafunia mtama mama alipokufa ili nikuzike kwa kubahatisha.

Shemeji yako Fan Ping ndiye anayetunza daftari la ukoo hapa hekaluni. Nimemsumbua mpaka amesalimu amri. Unamjua marehemu Liang, mdogo wake Bwana Mkubwa, aliyekufa kijana bila mtoto? Hana wa kumwekea chakula cha mizimu. Basi tangu leo daftari linasema wewe ulipewa marehemu Liang uwe mwanawe, ukiwa na miaka mitatu. Mwenye sauti ya kukataa alikuwa Bwana Mkubwa peke yake, na huyo hasemi tena. Kwa hiyo wewe ni mtoto wa ndugu yake. Unamvalia daraja la pili: katani nzito, yenye pindo, mwaka mzima. Nguo ni hiyo, imo kwenye furushi. Ivae, nenda moja kwa moja ngomeni, simama na watoto wa ndugu zake, lia kama wanavyolia. Ukishaonekana na nguo hiyo, nani atakurudisha mnarani?

Kona ya kibao hiki nilichoandikia imetafunwa, unisamehe. Mwanangu anaota meno. Ukishasoma, kikwangue mpaka mbao nyeupe itokee. Wakigundua, Fan Ping ni wa kukatwa kichwa, na mimi na watoto ni wa kupelekwa utumwani.

Dada yako,
Rui


Mnara wa Kumi na Tisa
Mwezi wa tisa, siku ya tisa

Dada,

Nguo imefika, na soksi za sufu pia. Mzee Gou alinikuta naijaribu. Huyu ndiye askari mwenzangu. Anadai ana miaka hamsini, mimi nasema sabini. Alinizunguka mara mbili kama mtu anayenunua punda. "Ala! Bwana Mdogo Heng!" akasema. "Nikusujudie sasa hivi, au nimalize kwanza vitunguu vyangu?" Nikamwambia amalize vitunguu.

Dada, mimi na Bwana Mkubwa tumewahi kuongea mara moja tu. Aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nilipomjibu, akasema, "Aa," akaenda zake. Sasa nikamlilie kama baba mkubwa? Aibu itanimaliza kabla ya maadui.

Na kuna jambo limenikaa rohoni. Nikiwa mtoto wa Liang, baba yetu hana tena mtoto wa kiume. Nani atamwekea uji siku ya wafu? Nahisi kama tunamtupa mara ya pili.

Lakini nakuja. Nakuambia ukweli kwa nini. Kila jioni tunasawazisha ukanda wa mchanga chini ya mnara, na kila asubuhi tunashuka kuangalia nani amepita. Kwa miaka miwili nimeona nyayo za mbweha, za sungura, na za Gou akienda kujisaidia. Juzi tumekuta kwato. Farasi arobaini. Walikuja mpaka chini ya ukuta, wakasimama, wakarudi walikotoka. Hatukusikia kitu. Gou hajafanya utani tangu hapo, na mimi kila nikishika reki namuona baba. Sitaki kufia hapa, Dada. Nimeona afadhali aibu.

Nimekikwangua kibao chako.

Mdogo wako,
Qiu


Ngome ya Heng
Mwezi wa kumi na mbili, siku ya ishirini

Dada yangu mpendwa,

Ungeniona! Mimi sasa ni naibu msimamizi wa mazizi. Farasi mia tatu, na ninalala chumba chenye jiko la chini ya kitanda. Kwenye tambiko la mwezi huu nimepata bega. Bega, Dada, na mafuta yake! Nilishindwa kulimaliza. Nusu nimemtumia Mzee Gou, akaniletea jibu: "Lilikuwa gumu. Leta lingine nilinganishe."

Siku ya mazishi niliivaa nguo yako. Nilisimama na watoto wa ndugu zake kama ulivyosema. Hakuna aliyeuliza kitu, isipokuwa mtu mmoja: Bibi Mao, mjane wa Liang, aliyekaa na ujane wake miaka thelathini. Alikuja na fimbo yake, akainama, akashika pindo la nguo yangu, akalipapasa kidole kwa kidole mpaka likaisha. Nikajua leo ndiyo leo. Yeye ndiye anayejua kuliko wote kwamba hakupewa mtoto yeyote. Akaniangalia, akasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Mshono mzuri. Nakumbuka siku walipomleta huyu. Alikuwa analia njaa." Kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka jeneza likaingia shimoni.

Tangu hapo ananipikia supu ya vitunguu kila siku na kuniita mwanangu. Amenitaka ahadi moja tu, kwamba nitamwekea chakula yeye na Liang. Nimeahidi. Na mfuko wa unga wa uji wa baba nauficha kwenye shayiri ya farasi, namwekea kule kule zizini. Natumaini hachukii harufu.

Heng Wu, mtoto wa Bwana Mkubwa, ndiye mkuu wa mpaka sasa. Ananiita ndugu yangu. Majina ya wote waliovaa katani nzito yameandikwa na kupelekwa mji mkuu kwa mfalme, kama desturi. Langu ni la kumi na nne.

Qiu


Mjini Shuoping
Mwezi wa kwanza, siku ya kumi na moja

Kwa Bwana Naibu wa Mazizi,

Haya, umenenepa sasa, usinisahau. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka Fan Ping akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika penye habari za Bibi Mao nikaacha kucheka. Namshukuru, nakwambia kweli namshukuru. Lakini anakuita mwanawe bure bure. Nani alikuogesha? Nani alichapwa siku ulipoangusha sufuria kisimani? Basi, yaishe. Mwambie supu aongeze tangawizi, una kifua kibovu.

Sasa jambo la maana. Karani mmoja aliyetoka mji mkuu amemwambia Fan Ping kwamba mfalme amemwita Heng Wu aende kusujudu, na kwamba ameitwa mara mbili na hajaenda. Ni kweli? Bwana Mkubwa alikuwa anakwenda kila mwaka. Mtu akiitwa na mfalme anakwenda hata akiwa na homa. Mwambie aende. Najua wewe si wa kumwambia, lakini basi mwambie mtu atakayemwambia.

Na kibao, ulikikwangua kweli? Nimekuota umekikalia.

Rui


Ngome ya Heng
Mwezi wa tatu, siku ya pili

Dada,

Bibi Mao amefariki. Alikwenda taratibu, akinishika mkono kama siku ile. Nilimvalia daraja la kwanza, katani isiyo na pindo, iliyochanwa tu ikaachwa nyuzi zikining'inia, kama mtoto anavyomvalia mzazi. Ngome nzima iliniona nikitembea nyuma ya jeneza nikiegemea fimbo. Usione wivu. Hakuwa na mtu mwingine.

Kuhusu ulichouliza: Heng Wu ameitwa mara ya tatu, na mjumbe bado yuko hapa, hajaruhusiwa kurudi. Malango yamefungwa. Nimeagizwa nihesabu farasi wanaoweza kukimbia siku tano bila kupumzika. Usihangaike. Wakubwa wanajua wanalofanya, na mimi ni mtu wa mazizi tu.

Kibao nilikikwangua zamani, nilishakuambia. Lala.

Qiu


Mjini Shuoping
Mwezi wa tano, siku ya saba

Qiu, mdogo wangu,

Hatujui kama u mzima. Tumesikia jeshi la mfalme lilifunguliwa ngome kutoka ndani na Heng Wu amekatwa kichwa na watu wake mwenyewe. Jana amri imebandikwa sokoni. Nimeisoma mara tatu. Fan Ping akanisomea mara ya nne, nikidhani macho yangu yameharibika.

Inasema ukoo wa Heng una hatia ya uasi. Inasema kila mwanamume aliyemvalia Zhao katani nzito ni wa kuuawa, siku ya kumi ya mwezi huu, hapo hapo ngomeni. Waliovaa nyepesi watahamishwa. Walio nje ya madaraja matano wasiguswe.

Wasiguswe, Qiu. Sisi hao! Sisi wa mlangoni, sisi wa shingo. Binamu zetu wote wa mlangoni leo wamekaa nyumbani wanakula. Ni wewe peke yako niliyekusogeza karibu na meza. Mimi na sindano yangu.

Fanya hivi, na ufanye upesi. Mkaguzi wa mfalme akikuita, mwambie kweli yote. Sema wewe si mtoto wa Liang, hukuwahi kuwa. Sema dada yako aligeuza daftari na akakushonea nguo. Usimtaje Fan Ping. Sema niliiba ufunguo wa hekalu nikaandika mwenyewe. Najua kuandika, watanijua mkono. Laiti ungekuwa na kibao changu cha kwanza ungewaonyesha, yote yamo mle, mpaka sababu. Laiti usingenisikiliza siku hiyo hata kidogo.

Usinionee huruma. Fan Ping ameanguka miguuni pangu, anasema tuna watoto wawili, ninyamaze, labda hutatajwa. Nimemwambia yeye ni baba yao, akae nao. Natuma barua hii na mpanda farasi wa posta anayenidai fadhila. Mimi nafuata nyuma na mkokoteni wa chumvi. Nitafika siku ya kumi asubuhi. Nitasema mwenyewe mbele ya mkaguzi, lakini wewe tangulia kusema, ili maneno yetu yafanane.

Vumilia. Nakuja.

Dada yako,
Rui


Ngome ya Heng
Mwezi wa tano, siku ya nane

Dada,

Mzee Gou ananisimamia hapa nikiandika. Amerudishwa kutoka mnarani awe mlinzi wetu, kwa kuwa yeye si Heng. Alipoona jina langu kwenye orodha alinijia na kikombe cha pombe ya mtama. Akasema, "Nilikuambia nimalize vitunguu kwanza, ukakubali upesi mno. Heng wa kweli angenichapa. Waambie hivyo! Nitakuwa shahidi wako." Akacheka, kisha akalia, mzee mzima.

Niliitwa juzi. Mkaguzi ni mtu mpole, anaumwa jino, shavu limevimba. Akaniuliza: "Jina lako liko la kumi na nne. Wengine wote wanadai si ndugu wa Zhao. Na wewe unakataa?" Dada, ilibaki kidogo niseme ndiyo. Kibao chako kilikuwa kifuani mwangu, ndani ya kanzu. Nilikudanganya, sikukikwangua. Kule mnarani hapakuwa na sauti nyingine ya mtu wa nyumbani, nikawa nakisoma kila nikishika reki. Ningekitoa tu pale, na kesho ningekuwa huru nakula shingo yangu.

Lakini kina jina la Fan Ping, na kina watoto, na kina wewe. Kona imetafunwa na mwanao. Nikajisemea: Rui ameolewa, ni mtu wa nyumba ya Fan, amri hii haimgusi. Kitu pekee kinachoweza kumgusa ninacho mimi kifuani.

Nikasema: "Sikatai. Mimi ni mtoto wa Liang. Zhao alikuwa baba yangu mkubwa, na nilimvalia kwa haki." Mkaguzi akasema, "Angalau mmoja," akaandika.

Kibao hiki unachokishika ndicho kile kile chako. Nimekikwangua jana kwa kisu cha Gou, kama ulivyoniagiza, mpaka mbao nyeupe ikatokea. Ndiyo maana kimekuwa chembamba hivi. Kona nimeiacha.

Naogopa, Dada, nisikufiche. Unaona herufi zilivyoharibika. Lakini ulitaka nisifie mnarani mahali pasipojulikana. Basi sitafia huko. Utajua mahali, na utajua siku. Mwekee baba uji, na mimi kidogo pembeni yake, hata kama daftari linakataa. Liang na Bibi Mao pia, niliahidi.

Gou atakuletea nguo uliyonishonea. Wametuvua.

Mdogo wako, hata wakiandika vingine,
Qiu


Mjini Shuoping
Mwezi wa tano, siku ya ishirini

Qiu,

Nitaichoma barua hii ikufikie kwa moshi, kwa kuwa posta haifiki uliko.

Nilifika siku ya kumi asubuhi, kama nilivyosema. Nilipita katikati ya askari nikipiga kelele mpaka wakanipeleka kwa mkaguzi waninyamazishe. Nikamwambia yote. Aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema dada yake. Akafungua daftari, akateremsha kidole polepole, akasema, "Heng Qiu, mtoto wa Liang, hana dada." Nikasema daftari ni la uongo, nimelitunga mimi, nipe kalamu nikuonyeshe mkono wangu! Akafunga macho. Akasema, "Mama, wewe ni wa kumi na saba tangu juzi. Wa jana alisema mumewe ni jini. Mwenyewe amekiri. Amemvalia mjane wa Liang nguo isiyo na pindo mbele ya ngome nzima. Una ushahidi?" Nikasema niliandika kibao. Akauliza, "Kiko wapi?"

Kiko wapi, Qiu. Nilisimama pale nikiapa kwamba ulikikwangua zamani, kwa sababu ndivyo ulivyoniambia. Kumbe ulikuwa umekikwangua siku tatu tu kabla yake.

Hakuniadhibu. Nilimwomba aniadhibu. Aliamuru nipewe maji na nitolewe nje. Mpole kweli, Mungu amlaani.

Sikuruhusiwa kukaribia. Nilikuwa nje ya ukuta, nikasikia ngoma, nikahesabu. Ulikuwa wa kumi na nne. Mkononi nilikuwa nimeshika soksi za sufu, nilikuletea jozi mpya, sijui kwa nini, ni mwezi wa tano.

Baadaye Mzee Gou akanitoa kwenye jua, akanipa furushi. Barua yangu ya siku ya saba ilikuwamo, muhuri wa udongo bado mzima. Mpanda farasi alizuiliwa langoni. Na nguo, imekunjwa vizuri. Na kibao. Nilikijua kabla sijakisoma, kwa kukishika kona.

Gou alikuiba kwenye shimo la wote, yeye na mzee mwenzake, wakakubeba kwa mkokoteni wa samadi. Umelala chini ya Mnara wa Kumi na Tisa, kando ya ukanda wa mchanga. Anasema walipopachimba pale wakati wa kujenga ukuta walikuta mifupa ya zamani yenye mkanda wa shaba, na anadhani ni baba. Labda ananidanganya ili nipumzike. Nimekubali. Nilikutoa huko kwa sindano, na huko ndiko ulikorudi.

Fan Ping yuko salama na watoto wanacheza. Binamu zetu wa mlangoni wamenijia kunipa pole, kwa kunong'ona, maana kukulilia wewe ni hatari. Shangazi mmoja mjuzi wa desturi akanieleza, kwa wema kabisa, kwamba kwa daftari mimi si kitu chako, na hata kama ningekuwa, aliyeolewa anapunguziwa daraja. Sidaiwi hata uzi.

Nimemsikiliza, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha nimeichukua ile nguo. Nimekaa kizingitini, mchana kweupe, kila apitaye anione, nikafumua pindo. Imenichukua tangu uji wa asubuhi mpaka saa ya kuwasha jiko, kwa maana nilikuwa nimelishona kwa mishono midogo sana, nilitaka lisishukiwe. Sasa nyuzi zinaning'inia kama inavyotakiwa kwa anayemlilia mzazi au mwanawe wa kwanza. Nimeivaa. Inanifika hadi vifundoni, ulikuwa mrefu. Nitaivaa miaka mitatu.

Askari wa doria wamepita mara mbili. Wameiangalia nguo, wameniangalia mimi. Nikawaambia jina langu, nikawaambia naitwa Heng, nikawaambia ninayemlilia ni nani. Hawakuandika.

Mabakuli manne nimeyaweka ukutani: la baba, lako, la Liang, la Bibi Mao. La mwisho nimelitilia tangawizi. Uzi wa pindo nimeuzungusha kwenye kibao chako. Alisema kweli yule mama, ulikuwa mshono mzuri.

Rui